Filibasta haifutwi, na sababu si hizo wanazozisema

Oktoba 2025 serikali ya Marekani imefungwa kwa kukosa bajeti, wafanyakazi hawalipwi, Trump akaingia mtandaoni akawaambia maseneta wa chama chake cha Republican waifute filibasta, yaani ule utaratibu unaowaruhusu wachache Seneti kuzuia muswada, wamalize kazi. Wao ndo wana wingi pale Seneti, 53 kwa 47. Kiongozi wao John Thune akagoma, na serikali ikakaa imefungwa siku 43. Kuna waliomsifia eti jamaa ana msimamo, anaheshimu utaratibu wa wazee. Mimi siamini sana hiyo, naona ni hesabu tu.

Kwa ambaye hafuatilii haya mambo, muswada Seneti unapita kwa wingi wa kawaida, shughuli ni kufika kwenye hiyo kura maana kufunga mjadala kunataka kura 60. Zamani ukitaka kuzuia ilibidi usimame uongee kweli, seneta Strom Thurmond mwaka 1957 aliongea saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia. Siku hizi hata miguu haichoki, upande wa pili wakisema tu hatufungi mjadala basi muswada unalala.

Sasa kanuni si inabadilishwa? Kwa maandishi inataka theluthi mbili kufunga mjadala wa kuibadilisha, ila kuna mlango wa nyuma. Novemba 2013 Harry Reid, kiongozi wa Wademocrat waliokuwa na wingi, alisimama akasema kwenye uteuzi wa majaji na maofisa, kasoro Mahakama ya Juu, wingi wa kawaida unatosha kufunga mjadala. Aliyekalia kiti akajibu hapana, kanuni ni 60. Reid akaomba wapige kura kama uamuzi wa kiti usimame, 52 wakasema usisimame, 48 wakasema usimame, kiti kikashindwa na habari ikaishia hapo. Kanuni iliyoandikwa haikuguswa hata herufi 😂 McConnell, kiongozi wa Warepublican, akawaambia mtajuta, tena mapema kuliko mnavyodhani. 2017 yeye mwenyewe akapita mlango huohuo kwa ajili ya Mahakama ya Juu, jaji Gorsuch akaingia 54 kwa 45, wakafuata Kavanaugh na Barrett. Mkuki kwa nguruwe.

Iliyobaki ni filibasta ya miswada, na hapa ndo hesabu ilipo. Warepublican wanachokitaka kuliko vyote ni majaji na kupunguza kodi. Majaji washafunguliwa njia, kodi zinapita kwenye utaratibu maalumu wa bajeti usiohitaji 60, Julai 2025 walifungana 50 kwa 50 makamu wa rais Vance akamalizia. Vinavyokwama zaidi ni vya Wademocrat, sheria za uchaguzi, silaha, kima cha chini cha mshahara. Ukiifuta unamfungulia mpinzani kuliko unavyojifungulia mwenyewe.

Halafu kuna hili ambalo hawalitamki, 60 ni kinga dhidi ya ahadi zao wenyewe. Kwenye majukwaa unaahidi mambo makali weee, ukifika bungeni unasema tulitaka ila wale wametuzuia, na wapiga kura wako wanawachukia wale. Kumbuka Obamacare, ile sheria ya bima ya afya ya Obama, Julai 2017, miaka saba Warepublican wanaahidi kuifuta, wakatumia huo utaratibu wa bajeti kwa hiyo Wademocrat hawakuwa na cha kuzuia, usiku wa manane McCain, seneta wao wenyewe, akatembea mpaka mbele, akanyoosha mkono, akaelekeza dole gumba chini, 49 kwa 51 imekufa. Hapo hakukuwa na filibasta ya kusingizia, aibu ikabaki ndani ya nyumba. Ndo maana Januari 2022 Wademocrat walipojaribu kulegeza kanuni wapitishe sheria ya uchaguzi wakakwama 48 kwa 52, lawama zote zikaenda kwa Manchin na Sinema, wenzao wawili waliokataa, mimi nahisi nyuma ya mgongo wao kulikuwa na wenzao waliolala usingizi mzuri sana siku ile.

Ila Trump ana hoja moja nzito, tena simpendi lakini kwenye hili nampa haki yake: Wademocrat wakirudi wataifuta tu, sasa kwa nini tusianze sisi? 48 walishapiga kura hadharani 2022, na Manchin na Sinema wote washaondoka Seneti. Thune hilo hakulipa jibu la maana, alichosema ni kwamba kura za kuifuta hazipo. Yaani hata ndani ya wale 53, wanaotaka kubaki bila kisingizio hawatoshi.