Nilivyomfikisha Baba kwenye dhahabu ya Kilwa, mjini Lisbon

Baba yangu alifundisha historia Kilwa Masoko kwa miaka 31. Kila akifika kwenye somo la kuja kwa Wareno aliwaambia wanafunzi kwamba dhahabu waliyotozwa watu wa Kilwa mwaka 1502 haikupotea. Ipo Lisbon, imetengenezwa chombo cha kanisani, na mwenye nauli akienda ataiona. Mimi mwenyewe nililisikia hilo nikiwa dawati la tatu, darasa la sita. Sasa mzee ana miaka 74, magoti yote mawili yanamuuma, anatembea na mkongojo. Alipokuja kunitembelea Hamburg mwaka jana nikamwambia, Baba, tunakwenda.

Niliowauliza walinikatisha tamaa. Mmoja alisema Lisbon ni vilima vitupu, nitamuua mzee wa watu. Mwingine akaniambia nimpandishe tu tramu namba 28, itamzungusha mji mzima akiwa amekaa, basi, safari imekwisha. Wa tatu alinitumia orodha ya vitu 22 vya kuona kwa siku mbili, na makumbusho yenye dhahabu ya Kilwa hayakuwemo! Ushauri huo ulitupotezea siku moja na nusu kati ya siku zetu tano, na bado nina hasira nao.

Tulianza na hiyo tramu. Jumapili saa nne asubuhi tulikuwa Martim Moniz inakoanzia, na foleni ilikuwa imekwishajikunja mara mbili. Tulisimama zaidi ya saa nzima, Baba akiegemea mkongojo, mara mguu huu, mara mguu ule, hasemi kitu. Ndivyo alivyo, akiumwa hunyamaza. Zamu yetu ilipofika, viti vilikuwa vimejaa. Zile ni tramu ndogo za mbao za miaka ya 1930, viti vyake ni ishirini tu, na waliobaki wote husimama wakishikilia mikanda. Njia inapanda, inakata kona kali, inashuka ghafla, na kila kona Baba alikuwa anatupwa ubavuni mwa mtu. Dirishani hakuona kitu ila migongo ya watalii. Nilimshusha kituo cha tatu, tukakaa kizingitini mwa nyumba ya watu mpaka magoti yakatulia. Kama huna budi kuipanda, kapandie mwisho wa upande wa pili, Campo de Ourique, asubuhi na mapema, kabla watu hawajamaliza chai.

Pale kizingitini ndipo nilipopata akili. Walikuwa wanapita vikongwe wa mtaa ule, wamebeba mikoba ya sokoni, nao wanaishi juu ya vilima hivyo hivyo. Nikajiuliza, hawa wanapandaje kila siku na viazi vyao? Kuanzia hapo nikaacha simu na ramani, nikawa nawafuata wazee.

Jioni ile, mtaa wa chini uitwao Rua dos Fanqueiros, nilimwona bibi mmoja mwenye toroli la nguo la kubebea vitu vya sokoni akiingia kwenye mlango ambao ungedhani ni wa nyumba ya kupanga. Nikamvuta Baba, tukaingia nyuma yake. Kumbe ndani kuna lifti ya umma, ya bure! Tukapanda naye. Tulipotoka tulikuwa mtaa mwingine kabisa, Rua da Madalena, tumekwishauruka mlima wa kwanza. Bibi akavuka barabara, akasogea kidogo mpaka uwanja mdogo wa Chão do Loureiro, akaingia jengo lenye duka kubwa la vyakula, sisi nyuma yake. Mle nako kuna lifti nyingine, bure vilevile. Tukapanda mpaka juu kabisa. Mlango ulipofunguka, mapaa mekundu ya Lisbon yote yalikuwa chini ya miguu yetu, na mto Tejo umetanda mbele kama bahari. Bibi alituangalia akacheka, akaenda zake. Baba alikuwa hahemi hata kidogo. Akaegemea ukuta, akasema, “Mama, umenipandisha mlima kwa lifti ya watu wenye viazi.” Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia hizo lifti mbili.

Ngome ya São Jorge yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Usimtembeze mtu mwenye magoti mabovu: basi namba 737 linaondokea Praça da Figueira na kumshusha karibu na lango. Na ule mnara wa chuma wa Santa Justa, ambao ni lifti ya mwaka 1902, wenye foleni ya kutisha, wala usihangaike nao. Ingia stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Baixa-Chiado upande wa chini, panda ngazi za umeme moja baada ya nyingine, unatokea mtaa wa Chiado juu. Kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka kanisa la Carmo, lililoangushwa paa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 na halikuezekwa tena mpaka leo. Matao yamesimama, juu yake mbingu tupu. Baba alikaa mle nusu saa nzima. Alisema panamkumbusha Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na mimi nikaona kweli.

Jumatatu tulikwenda Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto. Yule wa orodha ya vitu 22 alikuwa amepanga iwe Jumatatu, na Jumatatu nyumba ya watawa ya Jerónimos hufungwa, na mnara wa Belém pia hufungwa. Tulikula vile vikeki vyao vya maziwa na mayai, vinavyouzwa pale tangu 1837, tukarudi. Vitamu sana, lakini sikumleta Baba kutoka Kilwa aje kula keki.

Jumanne tukarudi na basi namba 714, linaloondokea pale pale Praça da Figueira. Kila mtu anakimbilia tramu ya 15, wanabanana humo. Sisi tulipata viti, na njia nzima Baba alikuwa anasoma vibao kwa sauti. *Igreja*, kanisa. Akanigeukia: “Unaona neno letu gereza lilikotoka?” Kisha *mesa*, *bandeira*, *lenço*. Meza, bendera, leso. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka kutuangalia, Baba akamwamkia kama vile yuko Masoko. Kadi ya usafiri inunueni mapema na muiwekee pesa za kutosha, ni rahisi kuliko kulipa kwa dereva kila mara.

Jerónimos, ukitaka kuingia uani kwa watawa unalipa, lakini kanisa lina foleni yake na halina kiingilio. Kaburi la Vasco da Gama liko kanisani, mara tu unapoingia. Wengi walikuwa kwenye foleni ya kulipa bila kujua. Jengo lile lilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, kwa fedha za ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa kutoka Afrika na Mashariki. Nguzo zimechongwa kamba za merikebu na majani, mawe yanaonekana laini kama unga. Baba hakuzitazama nguzo. Alisimama mbele ya kaburi, kofia ya kiua kichwani, mkongojo mbele, muda mrefu. Mwishoni akasema, “Haya. Huyu nimemwona. Sasa nipeleke kwenye mali.”

Basi lile lile la 714 hupita mbele ya Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Tulikwenda Jumatano asubuhi, mzee akiwa amepumzika. Mle kuna picha na vitu vingi vya thamani, tukavipita. Chombo chenyewe kiko ndani ya kioo, urefu wake kama sentimita 73, dhahabu tupu na rangi za enameli, mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka. Vasco da Gama aliileta dhahabu ile mwaka 1503, baada ya kumlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi huku mizinga ikiuelekea mji. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru kitengenezwe chombo cha kuonyeshea hostia, yaani mkate mtakatifu wa Wakatoliki, na kazi hiyo inasemekana ilifanywa na sonara Gil Vicente.

Kwenye kitako kuna maandishi yanayozunguka. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaanza kuzunguka kioo polepole, akisoma herufi moja moja, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine nimeushika mimi. Kireno cha zamani kile, herufi za V zimekaa mahali pa U. Akasimama.

“Mama, nisomee hapa. Hiyo ni Q?”

Ilikuwa Q. Maandishi yanasema mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Wameliandika jina la mji wetu pale kwenye dhahabu, kwa tahajia yao. Baba alilisoma kwa sauti mara tatu, kwa matamshi yetu. Mlinzi wa chumba alisogea, nadhani alitaka kutuonya. Alipomwona mzee anafuta machozi alisimama, akatuonyesha benchi.

Alhamisi, siku yetu ya mwisho, nilikuwa nimepanga tupande treni kwenda Sintra kuona majumba ya wafalme. Saa moja asubuhi Baba alikuwa amekwishavaa, amekaa kitandani na mkongojo wake.

“Lile basi la 714,” akasema, “linaanza saa ngapi?”