Injini Tatu, Fremu Moja

Mwaka 2011, nikiishi Coventry, Uingereza, nilinunua fremu ya gari la kujiundia mwenyewe, lile la umbo la Lotus Seven: pua ndefu, milango hakuna, paa hakuna, na ukishakaa unaweza kugusa lami kwa kiganja. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na vikorokoro vingine nilivitoa kwenye Ford Sierra iliyooza bodi. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa malori aliyejifunza kazi Tanga chini ya mwembe. Jumamosi moja akaja tuchague injini.

Mimi nilikuwa nimeshaamua: Rover V8, silinda nane, ya lita 3.5, ya kwenye Range Rover za zamani. Niseme ukweli, nilichotaka ni mngurumo; nguvu ilikuwa kisingizio. Shemeji hakubishana. Akachukua boksi la friji, akalikata kwa vipimo vya V8 alivyokuja navyo kwenye kikaratasi, akalishusha ndani ya fremu. Likalalia shafti ya usukani.

"Ukiitaka hii, shem, usukani utaushika kwa meno."

Ikabaki injini ya ileile Sierra, iitwayo Pinto, cc 1993, chuma kitupu. Fundi mmoja alikuwa amenipigia hesabu ya kuichangamsha: kamshafti kali (shafti inayofungua valvu), hedi ya kuchongwa, kabureta mbili za Weber. Shemeji akafungua kifuniko cha valvu, akanishika kidole, akakipitisha juu ya kamshafti. Ncha zilikuwa zimelika, unasikia kabisa ukingo mkali mahali palipopaswa kuwa laini. Kisha akachomoa ule mrija mwembamba unaoirushia oili, akaupuliza. Kimya. Vitundu vyote vimeziba. Angalau kifo chake kilikuwa na maelezo.

Toyota nilikuwa nimeidharau. Cc 1587? Injini ya Corolla? Lakini hii ilikuwa 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi, na muuzaji alikuwa anaitoa pamoja na giaboksi ya T50 ya AE86, Corolla ya zamani ya kusukuma nyuma. Valvu tano kila silinda, tatu za kuingiza, mbili za kutolea moshi, na kila silinda ina koo lake la hewa. Toyota waliiandikia farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, bila taabo. Sasa itie kwenye gari la nusu tani na ushee. Shemeji alikuwa akiizungushia krenki kwa spana, taratibu, huku ameinamisha sikio kama daktari. Nikatoa hela.

Tulichosahau ni kwamba injini ile ilizaliwa kulala kimkingamo kwenye Corolla ya kuvuta mbele. Disitribyuta yake, kigawa umeme wa plagi, imekaa mwishoni mwa hedi. Ukiigeuza itazame mbele, disitribyuta inageukia dashibodi. Tukaishusha kwa winchi, ikagota. Ulikosekana upana wa vidole viwili tu.

"Nani alipima?" akauliza.

"Wewe."

"Na nani alishika futi?"

Tukakata bati la mbele ya dashibodi usiku huohuo, pilau ya dada ikipoa ndani. Kisanduku tulichochomelea hapo bado kimetokeza chini ya dashibodi, na dada kila akipanda hugonga goti, akamtaja mumewe kwa jina lake lote.