Uraia Pacha, Imani Pacha

Mhamiaji aliyelelewa na mama Mkristo na baba Mwislamu, kama mimi, huzoea mapema kuulizwa yeye ni wa upande gani. Kuhusu uraia, angalau sheria hujibu waziwazi: Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 ulitamka kwamba kila mtu anapaswa kuwa na uraia, tena mmoja tu, lakini Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya mwaka 2010, na Ujerumani ikaufungulia mlango mwaka 2024, ilhali India bado inaukataa.

Dini haina utaratibu kama huo. Ujerumani humuuliza mkazi mpya dini yake anapojiandikisha, kwa sababu jibu hilo huamua kama atakatwa kodi ya kanisa. Ufaransa, kinyume chake, haiulizi swali hilo katika sensa. Mimi hupendelea ukimya wa Ufaransa, ingawa kutoulizwa (wenzangu hunikumbusha) si sawa na kukubaliwa. Ninafunga Ramadhani na kuhudhuria ibada ya Krismasi, na wanaonishurutisha nichague moja ni jamaa zangu zaidi kuliko maofisa wa uhamiaji.