Mbwa alinifukuza mpaka nikatokea msitu wa Zika

Mimi si mkimbiaji, niseme mapema. Nilianza baada ya daktari kunipima presha akanyamaza kidogo kabla ya kutaja namba, na kile kimya ndo kilinitisha kuliko namba yenyewe. Nakaa Kisubi, barabara ya Entebbe hapa Uganda, huu mwaka wa nne, ila kwetu ni Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, watu wa huko mnajua Kiswahili tunakinywa na chai.

Kila Jumamosi ilikuwa ileile, natoka getini, napanda mpaka lami, nakimbia pembeni taksi zinanipulizia moshi na makonda wananiita "ssebo Kampala, Kampala" kama vile mtu mwenye kaptula na jasho hivi anatafuta usafiri, nafika pale kwa muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, nageuza. Kilomita nne. Miguu ilishazoea, kilichokuwa kinachoka ni macho.

Sasa siku hiyo usiku mvua ilikuwa imenyesha vibaya sana, asubuhi ndo imekatika, nimetoka nikakuta nyumba ya kona wameacha geti wazi. Wana mbwa hao. Siyo mbwa wa kubweka, ni wa vitendo. Nikakata kushoto bila hata kufikiria, nikaingia kijinjia cha panya kati ya shamba la viazi vitamu na ua wa miti, kijinjia ambacho nimekipita miaka yote hiyo na sijawahi kujiuliza kinaenda wapi. Mbwa aliishia kwenye viazi. Mimi sikusimama, kwanza kwa woga, halafu nikaona aa, kumbe hapa panakimbilika.

Udongo mwekundu, upana wa mguu mmoja, unateremka. Mbele kulikuwa na mama ana jerikeni ya njano kichwani, nikamwamkia kwa Kiganda, akaitikia bila kugeuka, maana ukiwa na lita 20 kichwani hugeuki hovyo. Nikapita migomba, nikapita kibanda cha nguruwe, halafu ghafla jua likazimwa. Sijui niseme vipi, yaani uko kwenye migomba una jua la kukuchoma shingo, hatua kumi mbele uko chini ya miti mirefu huoni juu, baridi kama umefungua friji, lori za barabarani bado unazisikia lakini kama redio ya jirani. Hondohondo wanapiga kelele zao za punda, na mabawa yao ukiyasikia utadhani mtu anapepea jiko la mkaa juu ya kichwa chako.

Nikasimama kushangaa. Hapo ndo nilipokosea.

Siafu hawana salamu. Unaanza kusikia kitu kama sindano kwenye kifundo, unapuuza, halafu anauma wa pili, wa tatu, ukiangalia chini mstari mweusi unapita juu ya kiatu chako kama barabara ya mjini saa kumi na moja jioni, na wengine washavuka soksi wanapanda. Nilikimbia siku hiyo kuliko na mbwa. Nilipofika pakavu nikavua viatu, soksi, nikabaki nawachomoa mmojammoja, mwili unatoka kichwa kinabaki kimeng'ata. Nimeinama hivyo, kuinua macho naona chuma. Mnara, katikati ya msitu, unapanda mpaka unapotelea kwenye majani.

"Wewe! Umetoka wapi na hiyo kaptula?"

Kwa Kiswahili kabisa. Askari, mtu mzima, gamboti miguuni. Nikasema shikamoo afande, samahani sana, nimefukuzwa na mbwa. Aliniangalia, akaangalia soksi mkononi, akacheka mpaka akaegemea mti. Akauliza Kiswahili nimekitoa wapi, nikamwambia Bombo, basi yeye alishakaa kambini pale, maswali yakageuka, mara fulani bado yuko, mara ile hoteli ya chapati bado ipo. Ningemjibu kwa Kiingereza nahisi ningerudishwa kwa mbwa.

Ndo akaniambia hapa ni Ziika. Nikasema Zika ipi? Ile ile ya ugonjwa bwana. Kwa Kiganda jina lenyewe ni habari ya pori lililosongamana, na msitu ni wa wale watafiti wa virusi wa Entebbe, kwa hiyo siyo mahali pa mtu kujikimbilia tu. Mwaka 2016 nilikuwa naangalia kwenye TV mambo ya Brazili, wajawazito wanaambiwa wasisafiri, jina linatajwa kila saa, na mimi nilijua ni la Uganda lakini kichwani mwangu nililiweka mbali huko, mpakani na Kongo. Kumbe ni nyuma ya viazi vya jirani. Nilipofika nyumbani nikasoma: mwaka 1947 watafiti walikuwa wanatafuta homa ya manjano, wakaweka kima wa jamii ya rhesus, wale asili yao Asia, kwenye vizimba juu ya miti ili mbu wawaume, mmoja akashikwa na homa, damu yake ikatoa kirusi ambacho hakikuwa na jina. Mwaka uliofuata wakakikuta kwenye mbu wa msitu huohuo. Yule kima maskini, homa yake ikaitwa jina la msitu.

Nilimuuliza afande kama hawaogopi mbu wa hapa. Akasema anaogopa malaria, kama kila mtu.

Ndani akaniambia mpaka barua kutoka ofisini, na siwezi kumlaumu. Ila akanitembeza mpaka kingo, akanionyesha njia ya wanakijiji inayozunguka kwa nje, upande mmoja miti, upande mwingine bwawa la mafunjo kuelekea ziwani, akasema hii ni ya watu wote, hata mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, anaipita. Basi hiyo ndo njia yangu mpaka leo. Naenda kuanzia saa moja asubuhi, kukiwa hakujanyesha, naingiza suruali ndani ya soksi nafanana na mwendesha baiskeli wa zamani, sijali. Nikifika gogo fulani napunguza mwendo nasikiliza hondohondo, halafu nageuza. Kutoka na kurudi ni kilomita tano na kitu, zaidi ya zile za lami, na siku ya kwanza sikugundua mpaka nilipoangalia simu.

Presha imeshuka kidogo, daktari siku hizi anataja namba bila kunyamaza.

Shemeji yangu amesikia hii stori anataka tuende wote Jumamosi. Nimemwambia avae soksi ndefu. Anasema yeye ni mwanaume, atakuja na sandali.