Bango la "Jiunge nasi" na usiku wangu wa masharti kwenye WordPress

Wa kwanza niliyemwuliza namna ya kuficha kitu kwenye tovuti alinijibu kwa maneno matatu: "Weka display none." Wa pili akarudia hayo hayo, tena akaweka na kicheko, kana kwamba nimeuliza namna ya kuwasha kompyuta. Siwataji majina kwa sababu bado tunasalimiana.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Tovuti ya kikundi chetu cha masomo inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Ukurasa wa mwanzo una bango la "Jiunge nasi", na nilitaka mwanachama akishaingia asilione, maana kumsihi ajiunge mtu aliyejiunga zamani ni kumdharau. Chini ya bango kuna kisanduku cha majibu ya mazoezi, na hicho ndicho mgeni hatakiwi kukiona. Kimoja kifichwe, kingine kionyeshwe. Nikajiambia hii ni kazi ya jioni moja.

Nikafuata ushauri. Mtu akiingia, WordPress huongeza neno logged-in kwenye body, lebo inayobeba ukurasa wote unaoonekana, mradi mandhari yako (theme, kifurushi cha mwonekano wa tovuti) iwe inaita body_class, amri inayoandika maneno hayo. Mistari miwili ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano, yenye ile display none, ikatosha. Nikajaribu kama mwanachama: bango halipo. Nikatoka, nikajaribu kama mgeni: bango lipo, majibu hayapo. Nikapiga picha ya skrini nikaituma kwenye kundi letu kwa majivuno. Picha hiyo naionea haya mpaka leo.

Siku tatu baadaye kijana mmoja ambaye si mwanachama akanitumia ujumbe wa heshima kabisa kunisahihisha: jibu la swali la saba lina kosa. Nikaangalia, nikakuta kweli lina kosa. Ndipo nikashtuka. Huyu kaliona wapi? "Kaka, nimebofya kulia nikafungua chanzo cha ukurasa. Yote yapo."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha majibu, huumbuliwa na kitufe cha kulia cha kipanya. Ile display none huambia kivinjari kisichore kitu, lakini kitu chenyewe kimeshatumwa na kimeshafika kwenye mashine ya mgeni. Nilikuwa nimempelekea kila mtu barua ya siri na kumwomba asiifungue.

Basi nikahamia upande wa seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa, ambako sharti lisipotimia kitu hakitumwi kabisa. Sharti la mwanachama halikunisumbua: is_user_logged_in (je, ameingia?), kwisha. Aliyenitoa jasho ni bango, kwa sababu lilitakiwa litokee ukurasa wa mwanzo peke yake. Nikaandika is_home. Si ndiyo nyumbani? Bango likatoweka ukurasa wa mwanzo, likajitokeza kwenye ukurasa wa habari. Nikaona labda nimegeuza sharti, nikaongeza alama ya mshangao mbele ili kulikanusha. Sasa bango likawa kila mahali, hadi kwenye ukurasa wa sera ya faragha, isipokuwa kwenye habari. Nilikaa na hilo saa nzima. Kumbe is_home humaanisha ukurasa unaoorodhesha makala. Ukiwa umechagua ukurasa maalumu uwe wa mwanzo, unayemtafuta ni is_front_page. Aliyechagua majina hayo sina ugomvi naye, ila ningependa siku moja anieleze.

Nikabadilisha, na kwa kuwa nilikuwa nimechangamka nikauhamisha msimbo wote kwenye functions.php, faili ya msimbo ya mandhari, nikaandika if yangu (lile sharti) pale juu kabisa, peke yake, bila kuifunga ndani ya chochote. Bango halikuonekana popote. Usiku wa kwanza niliilaumu mandhari. Usiku wa pili nilizima plagini (programu za nyongeza) moja baada ya nyingine, hata ile ya kuchuja maoni ya ovyo, ikaniachia taka za kufuta asubuhi. Mwishowe nikawasha WP_DEBUG, hali ya kuonyesha makosa, jambo ambalo kila mtu hukwambia ulifanye mwanzo nawe huwa hulifanyi, na WordPress yenyewe ikanieleza: masharti ya aina hii ukiyauliza kabla haijajua ni ukurasa gani umeombwa, jibu lake ni hapana daima. Faili ya functions.php husomwa mapema kuliko hapo. Nikauhamishia mstari ule ule ndani ya ndoano ya template_redirect, inayosubiri hadi ukurasa ulioombwa ujulikane. Bango likaja. Siku mbili zimekwenda kwa ajili ya kusogeza mstari mmoja.

Kwa hiyo wewe ukiona sharti lako linakataa kila mahali, usianze kuligeuza geuza. Angalia kwanza unaliuliza wakati gani.

Nilidhani nimemaliza. Kisha mgeni mmoja akaniandikia kwamba ukurasa wa mwanzo unamsalimia "Karibu tena" ukifuatiwa na jina langu mimi. Hapa wa kulaumiwa ni mimi. Plagini ya kache (inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka) ina chaguo la kuhifadhi kurasa hata za watu walioingia, nami nililiwasha kwa tamaa ya kasi. Nikafungua ukurasa kwanza, nakala yangu ikahifadhiwa, wageni wakapewa hiyo hiyo. Sharti lilifanya kazi vizuri sana, ila mara moja tu, kwa niaba ya watu wote. (Ndiyo sababu pia naiogopa wp_is_mobile, sharti linalouliza kama mtu yuko kwenye simu. Penye kache, simu ya mtu wa kwanza huamua watakachoona wenye kompyuta. Kupanga ukurasa kwa upana wa skrini waachie CSS, hiyo ndiyo kazi yake.)

Nililizima lile chaguo, lakini seva tunayoikodi ina kache yake ambayo sina ruhusa ya kuigusa. Hapo ndipo nilipopata ujanja ambao naujivunia. Nikaacha ukurasa uwe mmoja kwa wote, usio na siri yoyote ndani, kisha nikavigawa vitu viwili vyangu kwa tabia zao.

Bango si siri, kwa hiyo JavaScript ndogo, msimbo unaoendeshwa na kivinjari, inaweza kulificha. Nilitaka isome kidakuzi (cookie, alama ndogo inayotunzwa na kivinjari) ambacho WordPress humpa aliyeingia, ikaambulia patupu, kwani kile kimefungwa na HttpOnly na JavaScript hairuhusiwi kukiona. Sawa. Nikatengeneza changu kisicho na habari yoyote zaidi ya tarakimu 1: huwekwa mtu akiingia (wp_login), hufutwa akitoka (wp_logout). Mwanzoni nilikipa siku 30, nikasahau kwamba kuingia kwenyewe hudumu siku 14 ukichagua kukumbukwa, na 2 usipochagua. Nikakirekebisha. Halafu lile bango lilikuwa linamulika kidogo kabla ya kupotea, linakera kama taa mbovu. Nikaipandisha ile JavaScript hadi ndani ya head, sehemu ya ukurasa isomwayo kwanza, ibandike darasa kwenye lebo ya html kabla mwili haujachorwa. Halimuliki tena.

Majibu ndiyo siri, nayo hayapo tena ndani ya ukurasa. Kisanduku huja kitupu, kisha huyaomba kupitia admin-ajax, njia ya WordPress ya kuomba data bila kufungua ukurasa upya. Na hapa ndipo patamu: sikuandika sharti lolote. WordPress ina milango miwili ya maombi hayo, wp_ajax kwa walioingia na wp_ajax_nopriv kwa wageni. Mimi nilijenga ule wa kwanza tu. Mgeni akibisha anajibiwa sifuri. Nilijaribu kwanza njia nyingine ya maombi iitwayo REST, nikashangaa kuona hata mimi natendewa kama mgeni, kwa sababu bila nonce (msimbo mfupi wa uthibitisho) haikutambui hata kama umeingia.

Faili za PDF nazo nilizitoa kwenye uploads, folda ya wazi ya WordPress. Ukificha kiungo lakini faili ikabaki humo, mwenye anwani yake bado anaipakua. Sasa ziko nje ya folda ya wazi na hutolewa na msimbo unaokagua kwanza.

Gharama? Plagini moja ya kulipia ya "masharti bila msimbo", niliyoinunua usiku wa pili kwa kukata tamaa na ambayo sikuwahi kuiwasha, pamoja na usingizi wa wiki moja hivi.

Yule kijana nilimpa uanachama. Yeye ndiye anayehakiki majibu sasa, na kabla ya kunisifu kwa chochote hubofya kulia kwanza.

Jumatatu iliyofuata Mwenyekiti akanipigia simu, sauti imepanda: "Mwanangu, umefanya nini? Bango la kujiunga limepotea!" Nikamwomba atoke kwenye akaunti yake kisha afungue tena ukurasa. Kimya kidogo. "Aa, limerudi. Haya, usiliguse tena."