Wali wa Nazi Si Chakula cha Jumamosi

Jumatatu moja, katika mwezi wangu wa pili wa kula kwa mtindo wa keto ya mizunguko (kula wanga kidogo sana siku za kazi ili mwili uchome mafuta, kisha kuurejesha mwisho wa wiki), nilipanda mizani nikakuta kwamba tangu Ijumaa nimeongezeka kilo tatu. Kwa siku tano nilikuwa nimejinyima wali, muhogo, chapati na hata chai ya sukari. Kisha Jumamosi na Jumapili, ambazo mtindo huo huzitenga kwa kurejesha wanga, nilikula kwa moyo mkunjufu nyumbani kwa shangazi yangu huko Ngamiani, Tanga: mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi na samaki wa kupaka mchana, halua na kahawa jioni, na siku ya pili vivyo hivyo. Nilikasirika, nikadhani mpango mzima ni uongo. Kumbe mizani ilisema kweli, ila sikujua kuisoma, na kosa langu halikuwa pale nilipolitafuta.

Mwili huweka akiba ya wanga kwa umbo la glikojeni katika ghala mbili. Ini la mtu mzima hubeba takriban gramu 100, na misuli yote kwa pamoja gramu 400 hivi, ikipungua au kuzidi kulingana na ukubwa wa misuli yenyewe. Tabia za ghala hizi hazifanani. Ya ini hufunguliwa kwa manufaa ya mwili mzima, hasa ubongo, ambao peke yake hutumia glukosi ya gramu 120 hivi kwa siku. Ya misuli haitoki nje, kwa sababu misuli haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu, na kwa hiyo kila msuli hula cha kwake. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa siku nzima bila kula, ini lake likawa karibu tupu, huku mapaja yake yangali yamejaa.

Akiba ya ini inapopungua, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo hushuka, na kushuka kwake ndiko kunakofungua mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Asidi za mafuta husafiri hadi kwenye ini, na ini, ambalo wakati huo linashughulika pia kutengeneza glukosi kidogo kutokana na protini na gliseroli, hupokea mafuta mengi kuliko linavyoweza kuyachoma hadi mwisho. Ziada hiyo huigeuza kuwa ketoni. Ubongo, ambao hauwezi kutumia asidi za mafuta kwa kiasi cha kuutosha, hupokea ketoni vizuri, na moyo na misuli hali kadhalika. Ini lenyewe haliwezi kuzitumia, kwa kuwa halina kimeng'enya cha kazi hiyo. Ni mpishi asiyeonja chungu chake. Hali hii ya damu kuwa na ketoni za kuanzia milimoli 0.5 kwa lita ndiyo huitwa ketosisi ya lishe, na watu wengi huifikia kwa kula wanga usiozidi gramu 50 kwa siku, kwa muda wa siku mbili hadi nne.

Wengi wetu hapa Tanga huikaribia hali hiyo kila Ramadhani bila kuipa jina. Kuanzia daku hadi magharibi ini hupungukiwa, mafuta huanza kuachiliwa na ketoni chache huonekana. Kisha huja tende, uji na muhogo wa nazi, na mlango hufungwa kabla ketosisi haijakolea.

Kwangu mimi siku za mwanzo zilikuwa za kichwa kuuma na miguu kukaza usiku, na mdomo ulitoa harufu inayofanana na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ni asetoni, mojawapo ya ketoni tatu. Sababu ya maumivu yale ni chumvi zaidi kuliko njaa: insulini inaposhuka, figo huacha kuishikilia sodiamu, nayo hutoka kwenye mkojo pamoja na maji. Supu ya samaki iliyotiwa chumvi ya kutosha ilinisaidia kuliko vidonge vya maumivu nilivyokuwa nikimeza.

Nirudi kwenye mizani. Kila gramu moja ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na maji ya gramu tatu hivi, na kwa hiyo ghala zikijaa zote, yaani gramu 500, hubeba maji ya kilo moja na nusu. Jumla ni kilo mbili ambazo hazina hata tone la mafuta. Kilo nilizofurahia kuzipoteza wiki ya kwanza, nikawatangazia wenzangu, kwa sehemu kubwa zilikuwa maji hayo hayo. Kati ya zile kilo tatu za Jumatatu, basi, sehemu kubwa ilikuwa glikojeni na maji yaliyorudi mahali pake. Iliyopaswa kunitia wasiwasi ni ile iliyobaki.

Lishe ya kiketojeni ilipopewa jina hilo mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, ilikusudiwa wagonjwa wa kifafa, na katika tiba hiyo hapakuwa na sikukuu za mwisho wa wiki. Mizunguko ililetwa na wanyanyua vyuma, kwa sababu mazoezi mazito ya muda mfupi hutegemea glikojeni ya misuli, na ketoni haziwezi kushika nafasi yake kwa kasi inayotakiwa. Wanga wa Jumamosi, kwa hiyo, ni wa misuli iliyomaliza akiba yake. Ndiyo maana hutanguliwa na mazoezi ya mwili mzima yenye marudio mengi. Matembezi ya jioni pale Raskazone, pamoja na upepo wake wote, hayamalizi ghala hizo, na mimi wiki zile sikuwa nimefanya zaidi ya hayo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Kosa la pili ndilo kubwa, nalo limo ndani ya sufuria zetu. Wanga unapoingia, insulini hupanda na uchomaji wa mafuta hupungua sana. Kwa siku moja au mbili mwili hugeuza wanga kidogo tu kuwa mafuta, maana huanza kwa kujaza ghala na kuuchoma uliobaki. Lakini mafuta yaliyoliwa pamoja na wanga huo hayana pa kwenda isipokuwa kiunoni. Sasa tazama chakula chetu cha furaha: wali umeungwa kwa kasimile, yaani tui zito la nazi, mbaazi vivyo hivyo, mahamri yameogelea kwenye mafuta, halua ina samli. Sijui kama kuna mji uliobuni njia tamu zaidi ya kuunganisha wanga na mafuta, na kwa siku ya kurejesha wanga hakuna muungano mbaya kuliko huo.

Matunda nayo yana hila yake. Fruktosi ya machungwa ya Muheza na ya tende hushughulikiwa zaidi na ini kuliko misuli, na ini lililojaa ndilo linalochelewesha kurudi kwa ketosisi. Wali mweupe, viazi vitamu na muhogo wa kuchemsha hufika kwenye misuli vizuri zaidi. Mimi hukomea gramu 400 za wanga kwa siku moja tu, kiasi kilichomo katika kilo moja na robo tatu ya wali na viazi vitamu vilivyopikwa, na niliacha siku ya pili kwa sababu ilinibakizia siku mbili au tatu tu za ketosisi katika wiki nzima.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asijaribu haya bila daktari wake, kwani dozi iliyopangwa kwa ajili ya wanga huweza kumwangusha siku ambayo wanga haupo. Mjamzito naye ayaache kabisa.

Jumamosi iliyopita nilimwamkia shangazi, akaniitikia huku akinitengea wali mweupe na samaki aina ya changu wa kuchemshwa kwa ndimu. "Mwanangu," akasema, "wali usiotiwa nazi hupewa mgonjwa. Wewe unaumwa nini?" Nikamwomba nazi aliyonipunguzia aniwekee hadi Jumatatu, niiungie mchicha.