Kutoka Udaktari Hadi Sayansi ya Chakula: Nilivyobadili Kozi Kabla ya Kuingia Chuoni

Tangu nilipopangiwa tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyeniuliza ninataka kusomea nini chuo kikuu. Ilichukuliwa kwamba swali hilo limeshajibiwa. Msichana wa PCB akifaulu anakwenda kusomea udaktari, basi. Shangazi zangu walianza kuniita daktari hata kabla sijafanya mtihani wa kidato cha sita, nami niliitika kwa furaha, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa tamu na sikuwa na sababu ya kulikataa. Leo ninasoma sayansi na teknolojia ya chakula katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wadogo zangu niliowaacha shuleni wananiuliza mara kwa mara ilikuwaje, na nimeona ni afadhali niwaandikie kwa utaratibu kuliko kuwajibu mmoja mmoja.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei na matokeo hutoka Julai, kisha maombi ya vyuo hufuata kwa awamu. Wengi wetu katika kipindi hicho huwa kwenye kambi za JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, ambako akili hushughulika zaidi na kwata na usingizi kuliko na maisha ya miaka ishirini ijayo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hakuna wakati ambao ni rahisi zaidi kubadili uamuzi kuliko huo. Kabla ya udahili, kubadili kozi ni suala la kujaza fomu tofauti na kulipa ada ya maombi. Baada ya kusajiliwa, ni suala la barua, nafasi zilizobaki, mkopo, na pengine mwaka mzima unaopotea.

Kilichonigeuza mimi kilitoka nyumbani. Mwaka 2016, nikiwa bado shule ya msingi, ugonjwa ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wilaya yetu ya Chemba ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Watu walitapika, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa, na baadhi yao wakafariki dunia. Baadaye ilibainika kuwa chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayozalishwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Ni kumbukumbu hiyo iliyonifanya niupende udaktari, na kwa miaka mingi sikuona njia nyingine ya kuitafsiri.

Nilipoanza kusoma kwa makini mitaala ya kozi zote mbili, ndipo nilipoona kwamba nilichokuwa nakitaka hakikuwa hospitalini. Sumukuvu haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Mgonjwa anapomfikia daktari ini limeshaharibika, na daktari, hata awe hodari namna gani, anabaki kupunguza madhara. Kupika ugali nako hakuiui, kwa sababu sumu hiyo huvumilia joto la jikoni. Kazi inayookoa watu hufanyika mapema zaidi: kuanika mahindi kwenye turubai badala ya udongoni, kuyakausha hadi unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 13, kuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kuupima unga wa lishe wa watoto, ambao mara nyingi huchanganywa mahindi na karanga, yaani mazao yale yale mawili yanayoshambuliwa zaidi. Hayo yote yalikuwa yameandikwa katika orodha ya masomo ya kozi ambayo sisi wa PCB tuliizoea kuitaja kama mahali pa kukimbilia mtu akikosa udaktari. Nakiri kwamba dharau hiyo bado inaniudhi.

Baada ya moyo kutulia, zilibaki kanuni, na hapa naomba wadogo zangu wasome polepole. Katika mfumo wetu daraja A lina alama 5, B alama 4, C alama 3, D alama 2 na E alama 1, na sifa ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla isiyopungua alama 4. Lakini kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, nayo yamo katika kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambacho ni lazima ukisome cha mwaka wako, kwa kuwa masharti hubadilika. Kuwa na sifa hakumaanishi kupata nafasi, hasa kwenye udaktari, ambako wenye sifa ni wengi kuliko viti. Vilevile, PCB haifungui kila mlango: haina hisabati ya juu, bali ile hisabati tumizi ya msingi, kwa hiyo anayefikiria kuhamia uhandisi atakuta njia nyingi zimefungwa tangu alipochagua tahasusi.

Mazungumzo na wazazi yalikuwa magumu kuliko kanuni. Baba alininyamazia. Mama aliuliza swali moja tu, nani atamwajiri mtu wa chakula, nalo lilikuwa swali la haki. Nilimweleza kwamba udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, na kwamba hata madaktari sasa husubiri ajira za serikali. Nikamweleza pia kwamba tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na kwamba viwanda vya kusindika vinahitaji watu wa kudhibiti ubora. Hakuridhika. Aliyemaliza ubishi ni mjomba wangu, ambaye hununua mahindi soko la Kibaigwa na hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la saba. Alitukumbusha Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. "Dada, mimi nilishindwa kuuza si kwa kukosa daktari," alimwambia mama, "nilikosa mtu wa kunipimia." Baba alicheka, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kozi yenyewe inaitwaje.

Niliomba kozi zote mbili katika vyuo viwili tofauti, na awamu ya kwanza nikachaguliwa kote. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliopangwa. Nadhani hapo ndipo nilipobadili kozi hasa, kwa kuwa yote ya kabla yake yalikuwa maneno. Nilithibitisha Sokoine mchana, nikiwa peke yangu, kwa makusudi, ili asiwepo mtu wa kuniitia daktari kwa mara ya mwisho.

Kwa wale ambao wameshathibitisha na sasa wanasita, uhamisho upo, kutoka kozi moja hadi nyingine au chuo kimoja hadi kingine, lakini hufanyika katika dirisha fupi, kwa idhini ya vyuo husika, na kwa sharti kwamba una sifa za kozi unayokwenda na kwamba huko bado kuna nafasi. Anayesoma kwa mkopo ana jambo moja zaidi: Bodi ya Mikopo hukupangia fedha kwa kozi na chuo ulichodahiliwa, na mkopo huo utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi utakapoajiriwa, kozi uliipenda au hukuipenda. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua ya kuhama, nenda kwanza kwa afisa mikopo wa chuo, ujue fedha zako zitakufuata lini, na ni nani atakayepeleka taarifa hizo.